Kunjo kwenye Utepe wa Buluu

Jumanne, Septemba 3
Goti: 6.
Daftari hili nimepewa na mtaalamu wa viungo. Ameniambia niandike kila siku maumivu ya goti, kuanzia sifuri mpaka kumi, basi. Hakuniambia niandike kingine chochote, lakini kurasa ni nyingi na goti ni moja.

Leo shule imefunguliwa, mwaka wangu wa mwisho hapa Harwick. Kocha Gaskins, anayefundisha kemia mchana na voliboli baada ya masomo, alinisimamisha mlangoni mwa maabara. Nilijua ananitoa kwenye timu. Mchezaji asiyeweza kuruka wa nini?

"Nafeesah Whitlock, mbona unaniangalia hivyo? Nimekufukuza?"

"Bado, Kocha."

"Basi shika hii."

Kibendera chekundu, cha ukubwa wa leso. Kwenye ligi yetu wenyeji hutoa mwamuzi mmoja wa mstari na wageni hutoa mwingine. Shule tajiri huko nje ya Philadelphia hulipa watu wazima. Sisi ni shule nane za mkataba, za serikali lakini zinazojiendesha zenyewe, hii kwenye ghala, ile juu ya duka la viatu, yetu kwenye jengo lililokuwa supamaketi. Tunatoa mwanafunzi, na tunamwamini.

"Mpira ukiwa ndani, bendera chini. Ukiwa nje, juu. Hata kama anayepiga ni mama yangu mzazi. Umenisikia?"

Nimesikia. Nimefika nyumbani nikamwonyesha Bibi. Akaifua na kuipiga pasi.

Ijumaa, Septemba 6
Goti: 6.
Kazi yangu ya pili ni utepe. Shule yetu haina ukumbi, kwa hiyo mechi za nyumbani tunacheza kwenye ukumbi wa kanisa la Mtakatifu Gelasius. Sakafu ina mistari myeusi ya mpira wa kikapu na mistari myekundu ya badminton ya wazee, na Bwana Dombrowski anayetunza ukumbi hataki kusikia habari ya rangi nyingine.

"Rangi? Kwenye mbao hizi? Marehemu baba yangu alizipigilia mwenyewe!"

Basi kila mechi nabandika utepe wa gundi wa buluu kuzunguka uwanja mzima, mita kumi na nane kwa tisa, na mechi ikiisha naubandua. Nakaa chini na kujiburuza kwa makalio, mguu mbovu mbele. Saniyah, nahodha wetu, alinipiga picha.

"Timu nzima inaruka, wewe unapiga deki!"

Nilicheka. Iliniuma kidogo, lakini nilicheka.

Alhamisi, Septemba 12
Goti: 5. Joto kali. Tumeshinda.

Alhamisi, Septemba 19
Goti: 5.
Leo tulikwenda Alborada, na Yarielis Cotto alitupiga sisi sote peke yake.

Niandike habari ya Yarielis. Tulikaa dawati moja kuanzia darasa la kwanza mpaka la nane. Mama yake alinifundisha kula wali na mbaazi, bibi yangu akamfundisha yeye kula pai ya maharage. Tulipomaliza la nane tuliandika majina yetu sote wawili kwenye bahati nasibu ya nafasi za kuingia Alborada, kwa sababu ndiyo shule ya mkataba yenye uwanja wake wenyewe wa mbao. Jina lake lilitoka. Mimi nilikuwa wa mia mbili na kumi na mbili kwenye orodha ya kungojea, na bado nangoja.

Ana pigo lake moja ambalo ligi nzima inalijua. Badala ya kupiga mpira katikati kama watu wengine, anaunyoosha pembeni kabisa, sambamba na mstari, unaanguka pale ambapo hakuna mtu. Leo ulianguka mbele ya miguu yangu mara sita. Mara zote sita niliteremsha bendera. Seti tatu kwa moja.

Baadaye alinikumbatia. "Feesah, goti linasemaje?"

"Linakusalimia."

"Liambie lipone upesi, nimechoka kuwapiga wasiojua kuzuia."

Nilimpenda na nilimwonea wivu kwa wakati mmoja. Anaporuka huoni juhudi yoyote.

Jumanne, Septemba 24
Goti: 4. Mvua. Basi lilichelewa, nikabandika utepe nikiwa nimelowa.

Alhamisi, Oktoba 3
Goti: 4.
Nimeinyima timu yangu seti. Mpira wa Saniyah ulitoka, si sana, na mwamuzi alikuwa amezibwa na nguzo. Nikainua bendera. Ukumbi mzima ukaguna.

"Wewe Nafeesah, unachezea timu gani?" Saniyah alinifokea mbele za watu.

"Ulikuwa nje, mwenzangu."

"Najua ulikuwa nje! Nimekuuliza hilo?"

Tulishinda hata hivyo, na Kocha akaniwekea mkono begani mbele ya wote. Habari zimefika shule nyingine, nasikia siku hizi wananiita Jaji. Bibi kaisikia kutoka kwa jirani, naye kaipeleka msikitini. Leo amenipa kipande cha pai kikubwa kuliko cha baba mdogo.

Jumatano, Oktoba 9
Goti: 3. Tumeingia nne bora. Nusu fainali ni kwetu, na ni dhidi ya Alborada.

Jumatatu, Oktoba 14
Goti: 3. Yarielis kanipigia. Kocha wa chuo kimoja cha huko Scranton atakuja kuangalia fainali. Nikamwambia labda atakuja kutuangalia sisi. "Ndoto hazitozwi nauli," akasema, tukacheka.

Jumatano, Oktoba 16
Goti: 3.
TUMESHINDA! Seti tatu kwa mbili, ya tano kumi na tano kwa kumi na tatu. Pointi ya mwisho Yarielis alipiga mpira wake wa pembeni. Nikainua bendera. Ulikuwa nje kwa upana wa kidole. Saniyah alinibeba mgongoni, na goti langu halikuuma hata kidogo.

Alhamisi, Oktoba 17
Goti: 3. Shuleni wamepika keki yenye bendera nyekundu juu. Sikula, nilimpa Saniyah kipande changu.

Ijumaa, Oktoba 18
Goti: 3. Mvua.

Jumamosi, Oktoba 19
Goti: 3. Mvua. Yarielis kapiga simu, sikupokea.

Jumatatu, Oktoba 21
Goti: 3.
Nimelidanganya daftari. Hakuna anayelisoma isipokuwa mimi, na bado nimelidanganya. Niandike sasa kabla sijajizoesha.

Siku ya Jumatano nilichelewa kuingia ukumbini kwa sababu Bwana Dombrowski, mwenye funguo, alikuwa na mazishi. Nilibandika utepe mbiombio. Kwenye kona yangu, hatua moja kutoka pale ninaposimama, utepe ulijikunja. Kunjo dogo, limesimama juu kama ukucha. Nilitaka kulirekebisha lakini wachezaji walikuwa wameshaingia. Mechi nzima nililiangalia, nikiogopa mtu asije akajikwaa. Nalijua kunjo lile kuliko ninavyolijua goti langu.

Kumi na nne kwa kumi na tatu, sisi tukiongoza. Mpira ukapaa kwa Yarielis. Akaruka. Nikauona tangu unatoka mkononi kwake mpaka unaanguka, na ukaangukia kunjo. Si karibu nalo. Juu yake hasa. Utepe uliolala vizuri hausemi kitu, lakini ule ulilia pa! kama kofi. Mpira ukigusa mstari uko ndani, hata mtoto wa ligi yetu anajua. Ilikuwa kumi na nne kwa kumi na nne, na mchezo uendelee.

Mkono wangu ukainuka.

Ningependa kuandika kwamba uliinuka wenyewe. Lakini haikuwa hivyo. Nilipata nafasi ya kufikiri, na nilifikiri mambo mawili. La kwanza, kwamba kila kitu cha maana maishani mwetu kilimwangukia yeye, na hata hiki. La pili, kwamba kwa mara moja tu msimu huu, mimi ndiye nitakayefunga pointi. Ndipo nikainua.

Mwamuzi akapuliza. Wenzangu wakalipuka. Kocha wa Alborada, yule bwana mfupi anayeitwa Figueroa, akaja mbio akipiga kelele, "Ndani! Umelia! Nimeusikia huko nilikokaa!" Mwamuzi akanigeukia. Na kabla sijafungua mdomo, Yarielis akamshika kocha wake mkono.

"Kocha, acha."

"Niache nini? Wameiba mchana kweupe!"

"Aliyeshika bendera ni Nafeesah. Namjua tangu tuna miaka sita. Hawezi kudanganya. Akisema nje, ni nje."

Akaja akanipa mkono. Uso wake ulikuwa umelowa jasho na machozi, na akanipa mkono. Nikaupokea.

Watu walipoondoka nikaanza kubandua utepe. Nilipofika konani, kunjo lilikuwa limelala bapa, limepigwa likashikamana na sakafu, na juu yake kuna alama ya vumbi ya duara. Nikakikata kipande hicho. Nimekibandika hapa, chini ya mstari huu.

Naona haya. Sijui niandikeje zaidi ya hivyo.

Jumatano, Oktoba 23
Goti: 2.
Fainali. Tumepigwa seti tatu kavu, hatukufika hata kumi na tano katika seti yoyote. Kocha wa Scranton alikuwepo, mama mmoja mwenye koti la zambarau. Aliandika kidogo, akatazama saa, akaondoka kabla ya seti ya tatu. Kama si bendera yangu, angekuwa amekalia kiti kile akimwangalia Yarielis.

Na Yarielis alikuwepo. Alikuja kutushangilia, jamani. Kwa kuwa fainali ina waamuzi wa kulipwa, nilikuwa jukwaani, akaja akakaa kando yangu na mfuko wa mkate wa chumvi wa kusokota, akanimegea.

"Mbona hupokei simu?"

"Masomo."

"Muongo wewe," akasema akicheka. Alikuwa anatania tu.

Kisha akasema, "Feesah, ule mpira. Ningeapa ulikuwa ndani. Pigo zuri unalisikia kwenye kiganja, na lile nililisikia. Kumbe kiganja changu chenyewe kinanidanganya."

"Ni mpira mmoja tu."

"Si mmoja. Tangu siku ile kila nikinyoosha mkono nasita. Mazoezini nimeacha kabisa kupiga pembeni, napiga katikati kama bibi kizee. Yule mama wa Scranton ameacha ujumbe kwa kocha wetu, ana majaribio chuoni kwake tarehe tisa mwezi ujao. Nimemwambia kocha siendi. Niende nikaonyeshe nini?"

Palepale ningeweza kusema. Maneno matatu tu, ulikuwa ndani, Yari. Nilikunywa maji.

Nilikuwa nikidhani nimemwibia mechi, na mechi imekwisha, haidaiki tena. Kumbe nimemwibia mkono.

Ijumaa, Oktoba 25
Goti: 2.
Baada ya swala ya Ijumaa, dada mmoja msikitini akamwambia Bibi, "Huyu ndiye yule mjukuu asiyependelea?" Bibi akajibu, "Huyuhuyu. Hata mimi akinikuta nimekosa atainua bendera." Wakacheka. Nikainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Jumapili, Oktoba 27
Goti: 2. Mvua siku nzima. Nimeandika barua kwa Yarielis, nimeichana. Nimeandika nyingine, imekuwa ya kujitetea tu, nimeichana.

Jumatatu, Oktoba 28
Goti: 2.
Nilianza na Kocha Gaskins. Wakati wa chakula nilimkuta maabara akiosha mirija ya kioo. Nikaweka daftari mezani, nimelifungua kwenye ukurasa wa utepe, nikamweleza. Nilidhani atanipigia kelele. Nilitaka anipigie kelele.

Aliendelea kuosha. Akaosha mirija mitatu. Halafu akasema, akiwa bado amenipa mgongo, "Nililiona."

"Uliona nini, Kocha?"

"Kunjo. Nilipita pale wakati wa mapumziko ya seti ya nne, nikasema nitamwambia Nafeesah alilaze. Mechi ilipokwisha nikapita tena, limelala." Akazima bomba. "Nikajiambia labda ulililaza mwenyewe. Nilijiambia hivyo nikiwa ndani ya gari, nikajiambia tena nyumbani. Sikukuuliza kwa sababu nilitaka fainali. Miaka kumi na moja nafundisha hapa na sijawahi kufika fainali."

Miaka yote nilimchukulia huyu mama kama ukuta. Nilimwona akijipangusa mikono kwenye koti, mtu mzima aliyeshikwa na haya kama mimi, na sikufarijika hata kidogo.

"Nitamwandikia mkuu wa ligi leo hii," akasema. "Matokeo hayatabadilika, mwamuzi alishasaini. Lakini nitaandika. Na wewe una mtu wako wa kumwambia."

"Najua."

"Jumamosi ni mechi ya kuwaaga wa mwaka wa mwisho, inachezwa kwetu. Utashika bendera."

"Kocha, tafadhali. Mpe mtu mwingine."

"Kuiweka chini ndiyo rahisi. Utaishika."

Jumanne, Oktoba 29
Goti: 2.
Nilipanda treni mpaka Alborada, nikamngoja nje ya uwanja wao. Alitoka na nywele zimefungwa juu, anakula chipsi. "Jaji! Umepotea njia?"

Nikasema kabla sijaanza kutafuta namna ya kusema. "Ulikuwa ndani."

"Nini kilikuwa ndani?"

"Mpira wako. Ulipiga mstari. Niliuona, niliusikia, nikainua bendera kwa makusudi. Mkono wako haukukosea, Yari. Mimi ndiye niliyekosea."

Nikampa kipande cha utepe. Nilikuwa nimekibandua humu daftarini, ndiyo maana chini ya ukurasa wa tarehe ishirini na moja pana gundi tupu. Nikamweleza kunjo. Alikitazama muda mrefu, akakipitishia kidole kwenye ile alama ya duara.

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa majibu. Lililotoka ndilo la kweli. "Wivu."

"Wa nini? Mimi nina nini?"

Amesimama pale ana magoti mawili mazima na hajui.

"Nilimwambia kocha wangu huwezi kudanganya," akasema. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Basi zima lilinicheka njiani kurudi. Wakaniambia Yari wewe mjinga, yule ni wa Harwick. Nikagombana nao. Nimegombana na timu yangu kwa ajili yako."

"Nisamehe."

"Usiniombe hilo leo."

Akatia utepe mfukoni. Akageuka kwenda, kisha akarudi hatua mbili. "Ulikuwa ndani kabisa, au uligusa tu?"

"Ndani kabisa."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepiga hesabu yake mwenyewe, akaingia tena uwanjani badala ya kwenda nyumbani. Nilipofika kituo cha treni nilikuwa bado nasikia mpira ukigonga ukuta.

Alhamisi, Oktoba 31
Goti: 1. Nimemwambia Bibi. Hakunigombeza. Jirani alipopita na kuuliza habari za Jaji, Bibi alisema kuna baridi leo, akafunga mlango.

Jumamosi, Novemba 2
Goti: 1.
Mvua imekatika. Nilifika ukumbini saa mbili kabla ya mechi, nikabandika utepe polepole, nikaulaza kwa kiganja hatua kwa hatua. Hakukuwa na kunjo popote.

Mechi ya kuaga inachanganya shule zote nane, huyu upande huu, yule upande ule. Saniyah na Yarielis waliangukia timu moja. Watu walikuja kwa kucheka, wazazi wamebeba maua, Bwana Dombrowski kavaa tai. Barua ya Kocha ilikuwa imeshawafikia makocha wenzake. Niliwaona wakinitazama kisha wakitazama pembeni. Kocha Figueroa hakunisalimu, na sikutegemea anisalimu.

Yarielis pia hakunisalimu. Lakini katika seti ya kwanza alipaa, akanyoosha mkono, na mpira ukashuka sambamba na mstari, mbele ya viatu vyangu, ndani. Bendera chini. Akapiga mwingine palepale. Chini. Seti ya pili miwili tena, chini, chini. Hakusita hata mara moja. Kocha Figueroa aliinuka kitini akipiga makofi, na nilimsikia akimwambia mama yake Yarielis, "Tarehe tisa tunaondoka saa kumi na moja alfajiri, asichelewe." Nikaficha uso nyuma ya bendera kidogo. Nilifurahi, kweli nilifurahi.

Seti ya tatu ilifika ishirini na nne kwa ishirini na tatu, wapinzani wake wakiongoza. Mpira ukapaa kwake. Akaruka, akanyoosha, na ukashuka pembeni, upande wangu. Haukugusa utepe. Mbao zililia, nje ya utepe, kidogo sana.

Nilijua maana yake kabla sijasogeza mkono: seti imekwisha, na Yarielis ameshindwa tena kwa bendera yangu. Nikainua bendera.

Ukumbi mzima ulikumbuka nusu fainali. Saniyah alisema kwa sauti ndogo, "Nafeesah, jamani." Kocha Figueroa alikuwa ameshafika pembeni ya uwanja, hakupiga kelele, alimtazama Yarielis tu. Mwamuzi naye akamtazama Yarielis. Wote walikuwa wanangoja aseme kitu, kama alivyosema ile siku.

Alipita chini ya wavu, akaja mpaka mbele yangu, akapiga magoti, akainamisha kichwa karibu na sakafu akaanza kutazama mwenyewe. Aliutazama utepe. Akatazama mbao za nje ya utepe, akagusa kwa kidole. Nilisimama juu yake na bendera hewani, mpaka aliporidhika. Akasimama, akamwambia mwamuzi, "Nje," akarudi kwa wenzake bila kuniangalia.

Ulikuwa nje kwa upana wa kidole. Maneno hayahaya niliyaandika humu tarehe kumi na sita.